Kengele Mbili kwa Enid

Dada yangu Enid Pilling ana miaka sabini na sita, na ukimuuliza jina la mchumba wake wa kwanza itabidi umpe muda. Lakini muulize ni kiti gani kilichanika kwenye basi la alfajiri la wafanyakazi wa kiwandani, atakutajia kiti na atakutajia aliyekichana. Mimi ni mdogo wake, naitwa Connie, na mabasi hayanihusu. Mie nataka kufika niendako, mengine wajuane wenyewe.

Hata hivyo kila Jumapili namfuata kwenye banda la chama chao cha magari ya zamani, hapa Thornshaw, nyuma ya kiwanda cha pamba kilichofungwa, kwa sababu lazima awepo mtu wa kupika chai. Wale wazee wakiachiwa wenyewe watakunywa dizeli. Mle ndani mna lori la Foden, mna lori jingine la Albion, na mna basi jekundu la ghorofa la Leyland ambalo wao hawaliiti basi. Wanaliita Bibi. Wanalipangusa kuliko wanavyojipangusa wao, kisha wanakaa kwenye makreti kubishana.

"Foden ndiyo ilikuwa lori," atasema Trevor, fundi wa chama, mtu mwenye vidole vyeusi hata siku alipomuoza binti yake. "Napanda nayo milima ya Shap nimebeba chumvi, nashuka upande wa pili, chai kwenye kikombe haijamwagika."

"Haikumwagika kwa sababu ilikuwa imeganda," atajibu Walter Bleasdale. "Nani alikuwa na hita siku zile? Mjomba wangu alifika Carlisle wakamshusha hivyo hivyo alivyokaa, wakamweka karibu na jiko mpaka magoti yakanyooka."

"Mjomba wako alikuwa mlevi."

"Alikuwa mlevi, lakini siku hiyo ilikuwa baridi."

Huyu Walter ndiye mwenyekiti wao, na zamani ndiye aliyekuwa dereva wa Enid. Yeye alikaa mbele peke yake, ndani ya kile kijichumba cha dereva. Enid alisimama nyuma kwenye mlango ulio wazi, mkoba wa nauli begani na mashine ya tiketi kifuani. Baina yao kulikuwa na kengele tu: moja simama, mbili ondoka. Walifanya kazi hivyo mpaka Walter akastaafu, na sidhani kama kuna mke hapa mjini aliyesikilizana na mumewe kuliko walivyosikilizana hao wawili.

Sasa, Enid alitaka kuendesha tangu usichana wake. Alipokwenda kuomba, mkubwa wa karakana akamwambia mguu wa mwanamke hautoshi kwa klachi ile. Baadaye ulimwengu ukabadilika na wanawake wakaruhusiwa, lakini yalikuwa yameshaingia mabasi ya gia zinazojiingiza zenyewe. Enid alikataa. "Huko si kuendesha," alisema, "ni kukaa."

Kumwendesha Bibi nako kuna sheria yake. Anayetaka lazima ampandishe mlima wa Cinder Brow, wanachama wote wakiwa juu ghorofani, macho wamefumba, wanasikiliza. Gia za basi lile hazibembelezwi. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unakanyaga tena, unaingiza, na ukikosea hata kidogo zinasaga mpaka mbwa wa mtaa wanabweka. Zikisaga, wazee wote wanavua kofia na kusema kwa pamoja, "Pole, Bibi." Hapo ndipo mtihani wako umekwisha, urudi mwakani. Trevor amepewa pole hiyo mara nyingi hata hakasiriki tena.

Kwa Enid mwakani hakukuwapo. Mwezi wa tisa angefanyiwa upasuaji wa goti la kushoto, ndilo la klachi, na daktari alishamwambia kwamba baada ya hapo gari dogo ruksa, klachi nzito asahau. Kwa hiyo ilikuwa Jumapili ile ya maonyesho ya chama, mwezi wa nane, au basi tena.

"Kondakta ni kondakta, bibie," Walter alimwambia. "Kila mtu na nafasi yake."

"Nafasi yangu nimeisimamia mpaka magoti yameoza," Enid akamjibu. "Sasa nataka kukaa."

Asubuhi ya siku yenyewe alikunywa chai, mkate hakuugusa. Nikamuuliza, je, Walter mwenyewe alikuwa hodari kweli kama anavyojisifu? Akasema hodari, hakuna mfano wake, isipokuwa kituo kimoja. Katikati ya Cinder Brow, mbele ya kanisa dogo, pale mlima unaposimama wima, kuna kituo. Walter hakuwahi kusimama.

"Kuondoka pale basi limejaa, gia lazima isage," alisema Enid. "Hakutaka watu wamsikie. Napiga kengele, yeye anajifanya kiziwi, anapita."

"Na abiria?"

"Wananitukana mimi. Si ndiye niliye nyuma?"

"Na chama wanajua?"

"Nani awaambie? Acha mzee wa watu astarehe na sifa zake."

Mimi ningewaambia siku ileile, tena kwa kipaza sauti. Lakini ndiyo tofauti yangu na dada yangu.

Tukafika uwanja wa maonyesho, chini ya mlima. Enid akapanda kijichumba cha dereva, akavuta mlango, akajiweka sawa. Wazee wakapanda ghorofani wakihema, wakakaa, wakafumba macho. Mimi nikabaki chini karibu na mlango wa nyuma, na trei ya pai za nyama magotini, maana ngazi zile si za binadamu. Injini ikawaka. Basi zima likatetemeka, meno yangu pamoja nalo.

Tukangoja. Hatuondoki. Tumekaa, injini inanguruma, na watu nje wameshaanza kutuangalia. Nikadhani Enid ameingiwa na hofu na roho ikaniuma. Nikapaza sauti kule juu.

"Jamani, mnangoja nini?"

"Tunangoja kengele," akajibu Walter.

"Nani anapiga?"

"Enid, nani mwingine."

"Enid yuko kwenye usukani, Walter."

Halafu ghorofa nzima ikaangua kicheko, na Trevor akacheka mpaka akakohoa. Watu wazima na akili zao, maisha yao yote ni mabasi, na hakuna aliyekumbuka kwamba aliye mbele hawezi kuwa nyuma. Na Enid naye, huko mbele, anangoja kengele mbili. Bila hizo hatii mguu, angekaa pale mpaka Krismasi.

Ikabidi mtu awe kondakta. Wakatazamana. Mwenyekiti ndiye Walter, kwa hiyo wakamtupia Walter. Akashuka ngazi akinung'unika, na mimi, Mungu anisamehe, nikamvisha mkoba wa zamani wa Enid, uliokuwa umetundikwa pale mlangoni, kwa mikono yangu na kuufupisha mkanda.

"Umekupendeza," nikamwambia.

"Nyamaza ule pai."

Akapiga kengele mbili. Tukaondoka.

Gia ya kwanza, sawa. Ya pili ikaingia bila mlio, na juu nikasikia mtu akisema "mm" kama aliyeonja mchuzi. Nyumba zikaanza kupita polepole, kisha polepole zaidi. Nilishika trei kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, kwamba lile kanisa lipite upesi.

Kituoni alikuwa amesimama mwanamke mzee, ana mfuko wa sokoni, amenyoosha mkono. Pengine alidhani ni basi la kawaida. Macho yake yalikuwa kwa Walter. Hakumtazama dereva, maana dereva humuoni vizuri. Alimtazama yule aliyesimama mlangoni na mkoba. Na Walter akamtazama. Mkono wake ukapanda, ukapiga kengele moja.

Ghorofani zikazuka kelele. "Walter, una wazimu? Hapo hapasimamwi!" Mimi nilitaka kumpiga na trei. Nilijua, kama kuna mtu aliyejua, anamfanyia dada yangu nini.

Lakini kengele ni kengele. Enid alisimama. Breki ya mkono ikalia, basi likaning'inia pale mlimani.

"Leo limesimama," alisema yule mama, akipanda. "Nimelipungia mkono hili tangu nilipoolewa." Akamwangalia Walter kwa karibu. "Wewe si ndiye ulikuwa unapita?"

Walter alimshika mkono akamkalisha, kisha akabaki ameshika kamba ya kengele. Nikaona haivuti.

"Piga, Walter," nikamwambia. "Mwenzio anangoja."

Akapiga mbili.

Injini ikapanda sauti. Breki ikaachiwa. Tukarudi nyuma upana wa kidole, na moyo wangu ukarudi zaidi ya hapo, halafu Bibi akashika na kuanza kupanda. Bado kulikuwa na gia ya pili, na hiyo ndiyo yenyewe. Nikasikia klachi. Nikasikia pale patupu katikati, injini ikishusha pumzi, na juu hakuna anayepumua. Klachi tena. Kisha gia ikaingia, tk, kama mtu anayefunga kabati, na tukaendelea kupanda.

Hakuna aliyesema pole. Waliimba mpaka kileleni, tena vibaya sana.

Kule juu Enid alishuka kijichumbani akichechemea, uso mwekundu, akaja moja kwa moja nyuma. Wazee walitaka kumpa mikono, akawapita. Akasimama mbele ya Walter.

"Kwa nini umenisimamisha pale?"

"Kulikuwa na abiria," alisema Walter.

"Siku zote alikuwapo, Walter."

Walter akavua mkoba. Nilidhani atamrudishia, lakini aliushika tu mikononi. Kisha akageuka kwa wenzake waliokuwa wanashuka ngazi, akawaambia kwa sauti ya kusikika kwamba pale kanisani yeye hakuwahi kuondoka bila kumsagisha Bibi, ndiyo maana alikuwa anapita, na kwamba aliyekuwa akitazamwa usoni na kutukanwa na watu hakuwa yeye, alikuwa Enid. Wazee hawakujua wafanye nini. Mwishowe Trevor alivua kofia, akamgeukia dada yangu.

"Pole, Enid," akasema, na wote wakavua, wakasema naye.

Enid alilia kidogo, kisha akauliza pai zangu ziko wapi. Wakati wa kushuka mlima aliendesha yeye tena, na Walter akavaa mkoba bila kuambiwa. Kanisani alipiga kengele moja, yule mama akashuka na mfuko wake. Walter akangoja mpaka mama amevuka barabara, ndipo akapiga mbili.