Manyoya ya Mbao

Juzi nilikuwa kwa fundi cherehani hapa Bariadi, nasubiri sare ya binti yangu, mtu mmoja akaturushia video kwenye kundi la ukoo. Anayeonekana ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Yuko huko ng'ambo kwenye baridi, amevaa aproni ya ngozi, anawafundisha Wazungu kupiga randa kwa mkono. Watu wazima wenye mvi wamemzunguka kama watoto wa chekechea. Anawaambia wapapase mbao kwanza, wasikie manyoya yake yamelalia upande gani, kama ya ng'ombe. Mama mmoja akaandika kwenye daftari. Ndugu wote walituma hongera. Mimi, rafiki yangu, sikufurahi. Roho iliniuma kwelikweli, maana maneno yale ni yangu.

Baba alikuwa seremala kijijini, upande wa Nassa. Karakana yake ilikuwa ukuta mmoja wa udongo na bati chache juu, inanukia mninga na gundi. Msimu wa kupeleka pamba ukikaribia kila mtu alimkumbuka: huyu nira imepasuka, yule mkokoteni wake umevunjika mti wa mbele. Kazi yangu ilikuwa kufagia maranda, kuyapeleka jikoni kwa mama ya kuwashia moto, na kurudi na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa pamoja na karanga. Tulikula watatu, baba, mimi na huyo binamu, ambaye shangazi alimleta kwetu ajifunze kazi. Mimi, mtoto wa kike, hakuna aliyenileta kujifunza. Nilifagia polepole, nikitazama, na baba akienda mnadani nilishika randa mwenyewe.

Baba hakuwa mtu wa kueleza. Ukikosea alikunyang'anya kifaa, akafanya yeye, akakurudishia. Binamu alikuwa na nguvu nyingi ila alisukuma kinyume, nyuzi zinang'oka, ubao unabaki na mabaka kama kuku aliyenyonyolewa kwa haraka. Siku moja ya mnada nilimkuta karibu kulia. Nikamshika mkono nikaupitisha juu ya ubao.

"Fumba macho," nikamwambia. "Huyu ni ng'ombe. Manyoya yake yanalalia wapi? Basi mfuate, usimuudhi."

Sikuwa nimeyasikia popote. Nilichunga ng'ombe wa babu tangu sina meno ya mbele, na ndiko nilikoyatoa. Akasukuma, yakatoka maranda marefu membamba yanayojikunja, tukacheka wote wawili. Baba aliporudi akaupitishia ubao kiganja, akasema, "Sasa umekuwa fundi." Alimwambia yeye. Nilisubiri aniulize chochote, hakuuliza.

Ile karakana haipo tena. Pale sasa pana kibanda cha kuchajia simu, na watu wa kijiji kile wananunua milango ya chuma huku mjini. Mimi mwenyewe nyumba yangu yote ni milango ya chuma. Harufu ya mninga mbichi sijaisikia miaka, na kumbe kuna watu huko mbali wanalipa nauli kwenda kuinusa.

Kwa wivu huo huo nikamwandikia binamu pembeni: "Mdogo wangu, hayo ya ng'ombe nani alikufundisha?"

Akajibu haraka, hakujificha. "Ni wewe, dada. Ila huku nikisema nilifundishwa na mjomba aliyekuwa fundi, wananielewa upesi."

Nilitaka nimtukane. Nilianza hata kuandika. Kilichonizuia si upendo, ni siku ile macho ya baba yalipoanza kufifia, akaamua randa yake nzuri iwe ya binamu. Hakumpa kwa mkono wake. Aliniita mimi, "mama" kwa Kisukuma chetu: "Mayu, hebu mpelekee mwenzako hii." Ningeweza kusema, baba, na mimi ninajua. Nilikuwa binti mkubwa, mdomo ninao. Badala yake niliipangusa vumbi, nikaipaka mafuta isije ikashika kutu, nikapiga magoti mbele ya yule mtoto niliyemfundisha, nikamkabidhi kwa mikono miwili huku natabasamu. Mama alikuwa mlangoni. Alinisifu kwa majirani wiki nzima kwamba nina adabu.