Nilivyolikata gari la mbio la kiti kimoja ili dereva mrefu aenee: hofu niliyoishi nayo Karagwe

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Juzi nimeona uzi wa mtu anauliza kama inawezekana kusogeza kiti cha gari lake nyuma kwa sababu magoti yanagonga dashibodi, watu wakamjibu kwa utani. Mimi sikucheka. Kuna kitu cha namna hiyo nilikifanya nikiwa kijana, na jasho lake nadhani halijakauka mpaka leo.

Nitaandika niliyoyaona. Pale nilipofumba macho nitawaambia nilifumba macho.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, Kayanga. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, kwa hiyo mtu wa Nyakatuntu, ambayo leo iko Kyerwa, na mtu wa Kituntu wote tulikuwa wilaya moja. Mimi ni wa Kituntu. Nilikuwa nachomelea vyuma kwenye gereji ya Mzee Shabani, mfanyabiashara mwenye asili ya Pangani. Mbele alikuwa na duka, nyuma alikuwa na malori ya kubeba kahawa.

Ufundi sikusomea popote. Nilijifunza kwa kuangalia, kuunguza vidole na kurudia.

Na nina ugonjwa mmoja. Kitu kikikaa upande kidogo, hata kama hakuna atakayekiona, silali. Nilishawahi kumfuata mteja nyumbani kwake nikakata bawaba za geti ambalo tayari alikuwa ameridhika nalo, nikazichomelea upya huku mke wake akiniangalia kama kichaa. Mzee Shabani alikuwa ananiita Fundi Wasiwasi. Mbele ya wateja.

Sasa, gari lenyewe.

Kwenye stoo ya Mzee kulikuwa na gari la zamani la mbio, la mtu mmoja. Umbo lake kama ule mtumbwi wa mti tunaokamulia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Matairi yote yako nje, injini ni ya pikipiki, iko nyuma ya mgongo wa dereva na inazungusha matairi kwa cheni. Mhindi mmoja aliyetokea upande wa Uganda alimwachia Mzee alitunze, akaenda zake, hakurudi. Vita na Uganda ikaja ikapita, gari liko chini ya magunia.

Mwaka huo wafanyabiashara wa Bukoba wakaandaa mashindano ya magari kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa, nyasi tupu. Mzee Shabani akasikia, akawa kama kijana. Gari likatolewa, likaoshwa, injini ikawaka. Tatizo likawa dereva.

Pale gereji mtu pekee ambaye Mzee angemkabidhi gari la kukimbiza alikuwa Gaspari, dereva wake wa lori. Ni wa familia yenye asili ya Rwanda, kwao Nyakatuntu. Mtaratibu, gia anaingiza bila kelele.

Ila alikuwa mrefu, wakuu. Akisimama mlangoni mwa duka ukiwa ndani, unaona shingo tu, kichwa kiko juu ya kizingiti.

Siku ya kwanza alipojaribu kuingia, magoti yaligota kwenye tangi la mafuta. Na hapa naomba nieleze, maana ndipo penyewe. Kwenye lile gari tangi lilikuwa limewekwa juu ya mapaja ya dereva. Juu ya mapaja. Yaani unaendesha umefunikwa na petroli kama blanketi.

"Mzee, hili lilitengenezewa mtoto wa shule," Gaspari akasema.

"Ingia vizuri."

"Nimeingia. Hii ndiyo vizuri yenyewe."

Mzee akanigeukia. "Fundi Wasiwasi, punguza."

"Nipunguze nini, Mzee?"

"Gari au Gaspari. Chagua kinachochomelewa kirahisi."

Watu walicheka. Mimi nilibaki nalitazama lile tangi. Niliogopa kitu kimoja tu na kilikuwa wazi kabisa kichwani: Gaspari afie ndani ya chuma nilichokata kwa mkono wangu.

Nikaanza na vipimo. Dereva wa gari lile hakai, anajilaza nusu. Kwa hiyo nikamlaza Gaspari chali juu ya magunia uani, nikakata utete, ule unyasi mgumu mrefu, kuanzia kisigino mpaka utosini, na mwingine wa mabega.

Wa kwetu mnaosoma hapa mmeshashtuka. Mimi kichwa changu kilikuwa kwenye chesisi.

Mama yake Gaspari alikuwa ameleta maharage sokoni, akapitia gereji kumsalimia mwanawe. Akatukuta hivyo, mtoto amelala chali, mimi nimeinama na utete.

Kwa wasiojua: kukitokea msiba, marehemu anapimwa kwa utete, halafu utete unapelekwa kwa seremala atengeneze jeneza. Mtu hapimwi hivyo akiwa bado anapumua.

"Wewe kijana," akasema, "nani amekutuma?"

"Shikamoo mama. Ni kwa ajili ya gari."

Hakuitikia. Alichukua utete akauvunja vipande, akavitupa kwenye jiko la mkaa. Gaspari akacheka, "Mama, ni kazi tu." Lakini aliinuka, na toka hapo kila nikimwambia alale nimpime anakuwa na haraka ya kwenda kupakia kahawa.

Mtu mwingine angekadiria kwa macho. Mimi kukadiria siwezi. Naota kipimo kikipungua.

Nikapata wazo, na nililiona la akili sana. Nitengeneze Gaspari wa bandia. Nikakata mgomba, vipande vya kiwiliwili, mapaja na miguu, nikaviunganisha kwa waya kiunoni na magotini vikunjike. Uzito ukawa kama wa mtu. Nikamvalisha overoli kuukuu la Gaspari, nikamlaza ndani ya gari.

Wiki ile yote Gaspari akiwa safarini nilifanya kazi na yule wa mgomba. Niling'oa kiti, nikashusha sakafu katikati ya mabomba mawili ya chesisi nikaweka bati nene. Pedali nilizisogeza mbele, nikaongeza kisanduku cha chuma puani mwa gari ili miguu ipate pa kwenda. Usukani nikaweka mdogo. Tangi nililiinua kidogo tu, magoti yakapita chini yake.

Nilipomaliza, yule wa mgomba alienea kama harage kwenye ganda lake. Hakuna pengo. Nilizunguka gari nikilishika shika na, kwa mara ya kwanza maishani, sikuona cha kurekebisha. Nilijisikia vizuri mno.

Hapo ndipo Mama Gaspari alipoingia tena. Nadhani alikuja kwa amani, alikuwa amebeba mkungu wa ndizi. Akauweka chini. Akaangalia ndani ya gari.

Akagusa bega la overoli.

"Mwaka wa vita," akasema, "kaka yake huyu hakurudi. Wala mwili haukurudi. Tulizika mgomba. Niliuvalisha shati lake mwenyewe."

Desturi hiyo naijua, wakuu. Mtu akifia mbali asipatikane, mgomba unalala mahali pake ili msiba ufungwe. Nilichokuwa sijui ni kwamba mama huyu alishaifanya. Gaspari hakuwahi kunieleza kuhusu kaka yake.

"Nimebakiwa na huyu mmoja, waitu," akasema, neno la kwetu la kusihi. Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Nikaona aibu ambayo siwezi kuiandika. Nikakimbilia kuutoa ule mgomba nikautupe asiuone tena. Nikaushika kwapani nikavuta.

Haukutoka.

Nikavuta tena. Magoti yalikuwa yamenasa chini ya tangi. Nikasukuma huku, nikainua kule, utomvu ukanijaa mikononi, overoli likachanika begani. Mama amesimama anatazama. Mwisho niliuvuta kwa nguvu zote ukakatika kiunoni. Kiwiliwili kikabaki kifuani kwangu, miguu ikabaki ndani ya gari.

"Mgomba hauna haraka," Mama Gaspari akasema. "Gaspari atatokaje?"

Wiki nzima nimepima namna ya kumwingiza mtu. Kumtoa sikuwa nimekufikiria hata mara moja. Na petroli juu ya mapaja yake.

Msiniulize kama nililala.

Nilimwendea Mzee Shabani nikamwambia tuachane na mashindano. Akasema jina lake limeshapelekwa Bukoba, na Gaspari mwenyewe akasema anataka. Kumbe alikuwa anataka sana. Alisema ameendesha magunia miaka yote, mara moja tu anataka kuendesha kitu kisichobeba chochote. Mama yake akamsikia akisema hivyo.

Mama akaniambia, "Basi likate upya. Na mimi nitakuja kuangalia."

Nikalikata upya. Tangi nililitoa kwenye mapaja nikalihamishia ubavuni, nikaweka bati mbili kati yake na dereva. Usukani niliufanya uchomoke kwa pini, kama ya kufungia ubao wa nyuma wa lori. Mdomo wa kuingilia niliupanua mpaka gari likapoteza ule urembo wake, likawa linatia huruma. Nyuma ya kichwa nikapinda bomba la maji likawa upinde, maana kichwa cha Gaspari kilikuwa ndicho kitu cha juu kuliko vyote, na gari likipinduka kingeanza kufika chini.

Kisha Mama Gaspari akaja. Alimfunga mwanawe macho kwa kanga akiwa ndani ya gari, akakaa kwenye kigoda uani. "Moshi hauonyeshi njia," akasema. "Toka."

Gaspari akapapasa, akachomoa pini, akatoka.

"Tena."

Akatoka.

"Tena."

"Mama, nimechoka."

"Umechoka na gari limesimama? Tena. Na safari hii usichungulie kwa chini, nimekuona."

Mzee Shabani akapita akasema, "Mama, unamfundisha kukimbia gari langu." Akajibiwa, "Ndiyo." Mzee akaingia dukani.

Siku ya mashindano tulikwenda na lori, gari likiwa limefungwa nyuma, Mama Gaspari mbele kwa dereva. Watu walijaa pembeni mwa kiwanja.

Nilisema nitakuwa mkweli. Mashindano sikuyaona. Walipopanga mstari nilikwenda kukaa nyuma ya tairi la lori, nikafunika uso. Nilisikiliza tu. Mlio wa ile injini nilikuwa naujua kama sauti ya mtu wa nyumbani, nikawa naufuata unakwenda mbali, unarudi, unakwenda. Kila ukirudi nilikuwa navuta pumzi.

Halafu mlio ukapanda juu ghafla, kama injini imeachiwa. Nikajua cheni imekatika.

Ukazima. Watu wote wakasema "aah" kwa pamoja.

Wakuu, sikukimbia. Nilibaki pale pale nyuma ya tairi, na kichwani nikaanza kukagua kila mahali nilipochomelea, moja baada ya nyingine, kama vile kulikuwa bado na nafasi ya kurekebisha.

Mama Gaspari akatokea mbele yangu. Kanga imemwanguka, hajali.

"Inuka, fundi. Twende tukaone."

Alitembea, hakukimbia, nami nikamfuata nyuma yake nikiangalia visigino vyake. Mwisho wa kiwanja kulikuwa na mtaro. Gari lilikuwa limepinduka ndani ya mtaro, matairi juu, moja bado linazunguka. Harufu ya petroli ilikuwa kali. Ule upinde wa bomba ulikuwa umepinda na kuzama kwenye udongo, lakini ulikuwa umeacha nafasi.

Sikuweza kuinama. Yeye ndiye alipiga magoti akachungulia ndani. Alichungulia muda ambao mimi naona kama bado haujaisha.

"Hayumo," akasema.

Alikuwa ng'ambo ya mtaro, amekaa nyuma ya kichuguu, kidevu kinatoka damu, anatapika. Mkononi ameshika usukani. Nilimuuliza wa nini akasema hajui, alisahau kuuacha.

Mama yake alimpangusa majani kwenye overoli, akimgombeza kwa lugha yao bila kupumzika, akampangusa hata mahali ambapo hapakuwa na majani. Tulipokuwa tunamshika kumwondoa pale, gari likashika moto. Halikuwaka kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Liliwaka tu, likaendelea.

Mzee Shabani alifika anahema, akavua kofia. Akamtazama Gaspari kwanza, kisha gari. "Mhindi mwenyewe akirudi," akasema, "mtamweleza ninyi."

Wakuu, nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Watu walinisifu kuwa kijana mwangalifu. Haikuwa hivyo. Uangalifu wangu wote ulikuwa woga wa kukosea, nisije nikachekwa, pengo lisije likaonekana. Mtu mwenyewe ndani ya kile chuma sikuwa nimemwogopea bado; hata nilipoogopa asife, niliogopea mkono wangu. Mama yake ndiye alikuwa anamwogopea, na kwa bahati alikuja gereji.

Siku hizi natengeneza nondo za madirisha. Kila mteja namuuliza, moto ukiwaka na mlango umezuiwa, watoto watatokea dirisha lipi? Wengine wanaudhika, wanaona nawaombea mabaya. Wengine wanakwenda kwa fundi mwingine. Sawa tu. Anayebaki namwekea dirisha moja linalofunguka kwa ndani, na simkabidhi kazi mpaka mtoto wake mdogo amelifungua mbele yangu.

Na bado nikifika nyumbani naanza kukagua upya kichwani.

Mafundi mliomo humu, wa boti, wa bodi za magari, wa ngazi, wa chochote kinachobeba mtu: nyie mnalalaje? Naomba mnijibu, na mwenye kunicheka acheke, nimeshazoea.