Kikubwa kwa Lipi?

Mwalimu wa jiografia hawezi kusikia neno "kubwa" akanyamaza. Husukuma miwani kwa kidole chenye vumbi la chaki, akauliza: "Kubwa kwa eneo, au kwa kina?" Maana ziwa pana, atakwambia, laweza kushindwa kina na ziwa jembamba. Ukitaja Bahari ya Kaspi ndiyo umemchokoza: "Ziwa hilo! Limezungukwa na nchi kavu pande zote, ubahari limepachikwa tu." Shemeji zake wamekoma kuja wakati wa chakula. Jana jioni mkewe aliuliza kutoka jikoni, "Baba watoto, nikutilie chai kwenye kikombe kikubwa?"

"Kikubwa kwa eneo, au kwa kina?"

Mke akatoka na chai aliyoimimina moja kwa moja kwenye sinia, bila kikombe. "Kwa eneo, humu ndani hakuna chombo kinacholishinda." Mwalimu akaliinamia, macho yakamng'aa. "Ziwa halisi! Limezungukwa pande zote!" Akaliinua kwa mikono miwili ili anywe, na nusu ya chai ikamshukia mapajani. "Mama watoto," akasema kwa sauti ya chini, "nipe tu kile kikombe kirefu."

Mkewe hakubanduka mlangoni. "Kirefu kwenda juu, au kwenda chini?"