Papa Asiye na Magamba

Tulikodi boti Shimoni, marafiki wanne kutoka Nyamira. Mmoja wetu, Msabato wa Nyansiongo, alikuwa amemwahidi mama yake samaki wa baharini. Alitapika asubuhi nzima, kisha ndoano yake ikanasa, akavutana nayo kwa nguvu zote. Akatoka papa. Tukashangilia. Yeye akapiga magoti, akampapasa kwa kidole gumba.

“Hana magamba. Kwetu Wasabato ni najisi. Mama hali kitu kama hiki.”

“Omogaka, mzee wangu, tutamwambia ni dagaa wa omena aliyenona,” nikamnong’oneza.

“Kata mshipi,” akamwambia nahodha wa boti.

Nahodha alikata kama anayezika ndugu. Mwenzetu akatupa ndoano nyingine, akiendelea kutapika. Jioni akapata changu, samaki mwenye magamba, wa kuenea kiganjani. Akambandua gamba moja, akalibandika kwenye paji la uso la nahodha.

“Sasa geuza boti.”

Imani ya kuhamisha milima nimeisikia sana. Ya kurudisha papa baharini nimeiona.