Buibui wa Mkwe

Mume wangu aliponiambia kwamba buibui mpya aliyempata kinamasini atamwita kwa jina la mama yangu, swali langu la kwanza lilikuwa moja: huyu mwanamume anataka nini? Yeye ni mtafiti wa buibui, na kwenye kazi yao kiumbe kipya huweza kupewa jina la kisayansi la kumheshimu mtu. Sawa, heshima. Lakini kwa nini mama, na kwa nini asiwe kipepeo?

Tena yeye ni Muganda. Kwa mila yao, mama mkwe hamgusi, hamtazami usoni, wala hatamki jina lake. Anayevunja mwiko huo, wanasema, hutetemeka mikono mpaka uzeeni. Hata kwenye simu amemwandika "Mkwe". Mama ni Mkongomani, anakaa mtaa wa Bukoto, na akija kwetu huzungumza naye pazia likiwa katikati, mimi nikipeleka maneno huku na huko kama tarishi.

Siku hiyo nilimpelekea mama habari ya buibui akiwa kwetu anakula, mume wangu akiwa upande wa pili wa pazia.

"Muulize, ule buibui iko muzima?"

"Hapana," mume wangu akajibu. "Ule wa kwanza lazima tuue, tuweke ndani ya chupa ya spiriti. Ndiyo inabeba jina."

Mama akasukuma sahani. Nilimwelewa: jina likishafungiwa chupani, mwenye jina anangoja nini? Kusema kweli nami niliogopa. Nikamuuliza mume wangu waziwazi mama amemkosea nini.

Akasogea karibu na pazia. "Mwambie mama mimi nampenda. Lakini jina yake siwezi kuita. Kwa Kilatini peke yake ndiyo naweza."

Mama akakazia pazia macho. "Aseme, nisikie."

Akalisema. Jina la mama lina r. Yeye alitamka l badala yake, kama Waganda wengi, kisha akabandika mkia wa Kilatini. Nikachungulia makala yake ya kumtangaza buibui huyo, ambayo alikuwa hajaituma kuchapishwa. Kumbe hata humo ameandika l.

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Mama akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona anatabasamu.

"Wacha," akaninong'oneza. "Ule wa mu chupa haiko miye."

Akavuta sahani yake, akaendelea kula.

"Amesema nini?" mume wangu akauliza.

Nilimwonea huruma. Nikamwambia mama amekubali.