Tairi la Akiba

Mume wangu ni fundi gari, na mtaani wanamwita Taratibu. Msidhani ni sifa, wanamcheka. Haingii chini ya gari lililoinuliwa mpaka alaze tairi la akiba chini ya chasisi, ili jeki ikimsaliti gari liangukie tairi. Wenzake humuuliza kama aletewe na mto. Anacheka nao, kisha analaza tairi lake.

Juzi kaka yangu alileta pikapu yake, pua imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Mbele haina springi. Kila gurudumu linabebwa na nondo ndefu inayojisokota, na chini ya chasisi kuna bolti. Ukiikaza, upande ule unapanda. Kazi yenyewe inachosha: kaza kidogo, shusha gari, lisukume mbele na nyuma likae, pima kwa kamba, inua tena. Na kila akishusha, tairi la akiba sharti litolewe, kisha lirudishwe; hiyo alimwachia kaka.

Nilikuwa nimempelekea chakula. Kaka akanisukumia tairi.

"Dada, kaa, usijichafue."

Nikakaa, na domo langu hili nikaanza kumsema kwa nini hampigii mama simu. Basi akatoa simu, ampigie palepale.

Upande wa kushoto ulikuwa bado chini. Taratibu akapiga jeki tena, akachukua spana.

"Shemeji, tairi umeweka?"

"Lipo, lipo," kaka akajibu, simu sikioni.

Mume wangu akaingia. Miaka yote hajaamini mdomo wa mtu, siku hiyo akaamini wa shemeji yake.

Nilikuwa naiona miguu yake tu. Kisha nikaona mafuta yanachuruzika kwenye jeki, na bampa inashuka polepole. Nikatazama chini ya chasisi. Hakuna kitu. Mungu wangu, tairi nimelikalia mimi!

Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Na afadhali iligoma, maana angeshtuka na kuinua kichwa. Kaka alipofumbua mdomo nilimkata jicho akanywea. Nikalala kifudifudi kwenye mafuta machafu, na gauni langu, nikalisukuma tairi kwa mikono miwili. Likakwama kwenye kokoto. Nikasukuma huku nalia. Likaingia. Gari likashuka, likalikalia, likatulia.

"Mbona limeshuka?" akauliza kutoka chini.

"Toka, mume wangu. Toka tu."

Akatoka. Akatazama jeki, akanitazama mimi, akamtazama kaka. Kaka akaanza kuomba radhi.

"Nyamaza wewe!" nikamwambia.

Mume wangu akajifuta mikono. Kisha akaazima jeki nyingine, maana kushoto kulikuwa bado. Gari likapanda, nami nikalaza tairi mwenyewe, nikabaki nimelishika.

"Lipo?" akauliza.

"Lipo."

Akainama, akapapasa mpaka akaligusa kwa mkono wake. Wala sikukasirika.