Saa Ishirini na Tisa za Kompyuta Namba Moja

Jambo lenyewe lilitugharimu siku sita, karatasi mbili za kuchapia, na jina zuri la mwalimu mmoja wa hesabu. Siku na karatasi nimezihesabu mara mbili.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, Mtwara mjini, kwenye duka la intaneti ambako mimi nilikuwa fundi, mhudumu wa kaunta na mtetezi wa bei. Tulikuwa na kompyuta kumi na sita: tisa chumba cha mbele, sita chumba cha ndani chenye feni, walikopenda kukaa vijana waliokuja na kazi za gesi ya Msimbati, na moja, namba kumi na nne, ofisini kwa Mama mwenye duka. Intaneti tuliuziwa kwa kipimo cha mwezi. Kikiisha, mnatazamana mpaka mwezi mwingine.

Mwezi huo kiliisha tarehe kumi na mbili.

"Kuna mtu anakula," akasema Mama. "Nitafutie."

Seva yetu iliandika kila kitu kwenye faili moja refu: anwani ya kompyuta, muda iliokaa hewani, na ukubwa wa ilichovuta. Anwani zote zilifanana mpaka karibu na mwisho. Namba ya mwisho ndiyo ilikuwa namba ya meza. Mistari ilikuwa maelfu, haisomeki kwa macho, kwa hiyo unaiandikia programu fomula: niletee kila mstari wenye anwani fulani. Nikaandika fomula ya namba moja, ya namba mbili, mpaka ya kumi na sita. Namba moja peke yake ilikuwa imekula zaidi ya nusu ya kipimo. Nikajumlisha tena, ikawa vilevile.

Kuna kitu kingine nilikiona nikanyamaza. Ukijumlisha kompyuta zote kumi na sita, tulikuwa tumekula zaidi ya tulichonunua. Nilifurahi. Nilidhani anayetuuzia amekosea na faida imeangukia kwetu, na mimi si mtu wa kumwamsha muuzaji aliyelala.

Namba moja ilikuwa karibu na mlango, na kila alasiri aliikalia mwalimu huyo, mtu wa Kagera, anayefundisha shule ya wasichana na kupanga chumba Mtawanya. Barua zake aliziandika kwanza nyumbani kwenye daftari, ili akija asipoteze dakika. Mteja wa namna hiyo hana pa kumpunja.

Mama akabandika tangazo mlangoni: Kompyuta namba moja imefungwa kwa matumizi yasiyofaa. Hilo "yasiyofaa" aliliongeza mwenyewe. Mji mzima ulijua nani hukaa namba moja, na mji mzima ulijua ni picha za aina gani zinazomaliza intaneti kwa kasi hiyo.

Siku ya nne Mwalimu akaja, hakusalimia.

"Fundi, mkuu wa shule amenipa barua. Ijumaa nijieleze mbele ya bodi, la sivyo sina kazi. Nieleze mimi kwanza. Nimekula nini?"

"Mwalimu, mashine ndiyo imesema."

"Imesema Jumamosi nilikaa saa ngapi?"

Nikaiuliza mbele yake, nikajumlisha kwa kalamu. Saa ishirini na tisa.

"Rudia," akasema, kwa sauti ya darasani.

Ishirini na tisa.

"Duka mnafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku."

"Kumi na tatu. Zile kumi na sita nilikaa wapi, kwa shangazi yako?"

Kwanza nilizishuku nukta za kwenye anwani. Katika lugha ya fomula zile nukta si nukta. Kila nukta inakubali alama yoyote ikae mahali pake. Nikaiwekea kila moja kimstari kilichoinama, kinachoiamuru iwe nukta kweli. Nikatafuta tena. Ishirini na tisa.

Mwalimu akaigeuza skrini upande wake, akaanza kusoma mistari yenyewe iliyoletwa. Mimi siku zote hizo nilikuwa nasoma jumla tu.

"Hii inaishia kumi na mbili. Hii kumi na tano. Kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne. Bwana mdogo, kumi na nne inaanza na tarakimu gani?"

"Moja."

"Na uliiambia mashine kwamba ikifika kwenye moja iishie hapo?"

Sikuiambia. Nikaongeza alama ya kikomo. Jumamosi ya Mwalimu ikawa saa moja na dakika kumi, na mzigo wote wa kumi mpaka kumi na sita ukamshuka mgongoni. Jumla ya kompyuta zote nayo ikalingana na kipimo tulichonunua. Faida yangu ikayeyuka. Mlaji alikuwa namba kumi na nne ya ofisini kwa Mama, ambayo programu yake ya kuzuia virusi ilikuwa inajipakua, inakwama, inaanza upya, mchana kutwa.

"Hiyo si kula," akasema Mama. "Hiyo ni kinga."

Alikubali kuandika tangazo jipya, mradi namba kumi na nne isitajwe. Mimi nikaomba tuandike "hitilafu ya mashine". Akakataa. Nikashuka mpaka "hitilafu ya kiufundi". Tukafunga kwenye "kosa la fundi", kwa herufi kubwa.

Alhamisi nikapanda baiskeli mpaka Mtawanya kumpelekea Mwalimu nakala. Akaisoma amesimama mlangoni, akanirudishia.

"La kwanza walilisoma wote kwa sababu lilikuwa tamu. Hili nani atalisoma?"

"Nitaongeza mhuri wa duka."

"Mhuri!"

"Basi mwezi mzima bure, Mwalimu. Namba moja, na feni nitakuhamishia."

"Nikikaa bure, na feni juu, watasema mmeninunua ninyamaze."

Nikamuuliza tu anataka nini.

"Kesho saa nne, bodi ikikaa, uje mwenyewe. Uandike hizo anwani ubaoni, zote kumi na sita, uwaonyeshe ulivyokosea, na mkuu wa shule akiuliza aliyekula ni nani, umjibu. Chaki nitakupa mimi."